Singo Isingoje Bwana Harusi

Barua ya wazi kwa masomo, wapambaji, wasusi na wakandaji wa Ziwa la Ng'ombe

Mama zangu na dada zangu,

Mimi ni fundi wa nguo, hapa hapa Ziwa la Ng'ombe. Twajuana kwa kazi zaidi ya majina. Binti akitoka kwenu na hina mkononi huja kwangu kujaribu gauni, na akitoka kwangu hurudi kwenu kumaliziwa nywele. Kwa hivyo haya ninayoyaandika siyasemi kwa kuchungulia dirishani. Maharusi wenu ndio wateja wangu.

Nawaandikia hadharani kwa sababu ombi langu ni la watu wote. Nataka singo, sanaa yenu ya kumsugua na kumfukiza mwanamke hadi ang'ae, iache kuwa haki ya bi harusi peke yake. Na nataka chumba kinachofanyiwa singo kitolewe vitu viwili vilivyoingia bila kualikwa: mkorogo wa kuchubua ngozi na masimango.

Naanza na hesabu mnayoijua kunishinda. Mwili wa mwanamke wa pwani huguswa kwa heshima mara tatu.

Mara ya kwanza ni akiolewa. Somo, yaani kungwi wake, humtia chumbani, akamsinga kwa liwa, karafuu, waridi lililokaushwa na marashi. Hufukizwa udi, hupakwa hina na piko, hufundwa, na mwisho hukalishwa kwenye kupamba, wanawake peke yao wakimtazama na kumpigia vigelegele. Mara ya pili ni akijifungua. Mkandaji huja na maji ya moto na mafuta, akamkanda mgongo na nyonga, akamfunga tumbo kwa leso, akamnywesha uji wa pilipili manga hadi arobaini itimie. Mara ya tatu mwenyewe hana habari. Wanawake wenzake humwosha kwa maji yaliyotiwa majani ya mkunazi, wakamtia kafuri, wakimgeuza taratibu kama mtu anayeweza kuumia. Na waosha wana sharti kubwa: ila yoyote waliyoiona kwenye mwili ule haitoki nje ya mlango.

Hilo sharti lanifikirisha sana. Maiti ana adabu ambayo aliye hai hapewi. Kovu la marehemu husitiriwa. La aliye hai hujadiliwa saluni, yeye mwenyewe kichwa kimeinamia beseni.

Tazameni tena zile mara tatu. Ya kwanza anaandaliwa mke wa mtu. Ya pili anarudishiwa nguvu mama wa mtoto. Ya tatu anaagwa mtu aliyekwisha kwenda. Asiyeolewa hukosa ya kwanza, asiyezaa hukosa ya pili, na ya tatu hakuna aliyewahi kuifurahia. Baina ya arobaini na kafuri yaweza kupita miaka hamsini. Miaka hiyo yote mwili unafanya kazi: unabeba madumu ya maji matamu kutoka kioski, unapanda matatu za Kongowea alfajiri, unapika, unafua, unauguza wengine. Hauna siku yake.

Ninachokiona mimi baina ya mara hizo ni hiki. Nikimzungushia mwanamke futi, huomba radhi. "Fundi, samahani, nimenenepa." "Hapo kiunoni usipime, weka ile ya mwaka jana." "Nishonee ndogo, nitapungua kabla ya siku yenyewe." Mwembamba naye huomba nimtilie sponji za makalio. Mama anayenyonyesha huvuta tumbo ndani, akazuia pumzi mpaka nimalize kuandika. Msichana wa kidato cha tatu aliletwa na mamake kupimwa sare, na kabla sijafungua daftari mamake alikwisha nieleza kwamba huyu ni mweusi kwa sababu amefuata upande wa babake. Msichana alisimama pale pale, macho chini, kama aliyeshtakiwa. Hawa ni Waswahili, Wagiriama, Wakamba, Waluo na Waluhya, kwa maana mtaa wetu umechanganya watu wote. Katika mambo mengine hawafanani, lakini katika kuuombea radhi mwili wao ni ndugu wa tumbo moja.

Hapa lawama inawafikia nyinyi, nami nitaisema kwa adabu.

Kuna kikopo kisicho na lebo. Hutolewa kwenye ndoo kubwa kwa kijiko, kikaitwa krimu ya maharusi, na binti huanza kupakwa miezi kadhaa kabla ya siku yake ili siku ya kupamba "atoke". Hakuna ajuaye kilichochanganywa humo, na jina lenyewe la mkorogo latosha kueleza. Lakini vinavyopatikana mara kwa mara katika krimu za kuchubua vinajulikana: zebaki, haidrokwinoni na steroidi. Zebaki huzuia ngozi isitengeneze rangi yake, kisha huingia damuni, ikaharibu figo na mishipa ya fahamu. Haidrokwinoni ikipakwa kwa muda mrefu hugeuka, na mashavu yaliyotafutwa weupe hupata madoa ya samawati iliyoiva hata kuwa nyeusi, madoa ambayo hayatoki kwa dawa nyepesi. Steroidi huila ngozi ikawa nyembamba, mishipa ikaonekana kwa nje, na kidonda kikachelewa kupona.

Sasa unganisheni na ile hesabu yangu ya mara tatu. Bi harusi wengi hushika mimba mapema baada ya harusi. Zebaki hupita kwenye kondo la nyuma ikamfikia mtoto, na huingia katika maziwa ya mama. Akihitaji kupasuliwa ili kujifungua, ngozi iliyoliwa na steroidi itashindana na mshono. Mkandaji atakayeitwa kumhudumia kwa siku arobaini atakuta kazi iliyoharibiwa na mpambaji. Na huenda wote wawili ni mama mmoja na bintiye.

Wala serikali haikunyamaza. Tangu mwaka 1998 sheria za Kenya zinakataza vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) limekuwa likitoa orodha ya krimu na sabuni zilizopigwa marufuku. Duniani, Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambao watu wake walisumishwa na samaki wenye zebaki, uliamua katika mkutano wa Geneva wa 2023 kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikome ifikapo 2025. Rwanda ilianza msako mkali wa bidhaa hizi mwishoni mwa 2018. Lakini askari hawezi kukaa ndani ya chumba cha singo. Humo ndani sheria ni somo. Akisema hakipakwi, hakipakwi.

Upande wa pili wa balaa hii ni vidonge vya kunenepesha. Binti mwembamba anaambiwa hatajaa kwenye nguo, basi anauziwa vidonge kwenye karatasi, vya kuongeza mwili na makalio. Vingine ni steroidi zilizokusudiwa magonjwa mazito. Mwili huvimba kwa maji, uso ukawa wa mviringo, sukari na presha zikapanda, na akiacha ghafla anaweza kuugua vibaya. Mimi huona matokeo kwenye gauni: niliyempima mwezi uliopita si huyu anayekuja kuchukua nguo leo. Mmoja anachubuliwa, mwingine anafutuliwa, na wote wawili wamefunzwa jambo moja: sherehe yako itakuja mwili wako ukishabadilika.

Nyinyi ndio mnaoweza kuligeuza fundisho hilo kuliko mtu yeyote. Daktari humwona binti dakika chache. Mwalimu humwona yeye na wenzake hamsini. Somo hukaa naye ndani, mlango umefungwa, na neno atakalolisema pale binti atalikumbuka hadi uzeeni. Mwigizaji Lupita Nyong'o, mtoto wa Kenya, alisimulia mbele ya wanawake wenzake kule Hollywood mnamo Februari 2014 kwamba utotoni alikuwa akimwomba Mungu aamke na ngozi nyeupe, na kwamba kumwona mwanamitindo Alek Wek wa Sudan Kusini akisifiwa kulimfungua macho. Yeye ilibidi aletewe sifa ile kutoka mbali. Binti wa Ziwa la Ng'ombe anaishi nyumba ya tatu kutoka kwenu.

Msije mkadhani nawaletea mambo ya kigeni. Mombasa hii hii imewahi kuwa na wanawake waliosherehekea miili yao bila kungoja ruhusa. Mwanahistoria Margaret Strobel, katika kitabu chake cha 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa, alieleza vyama vya ngoma ya lelemama, kama vile Banu Saada na Ibinaal Watan. Wanawake walijipanga kwa vyeo, wakashona sare, wakashindana kwa mapambo na madaha, na watazamaji waliokuwa na maana kwao walikuwa wanawake wenzao. Bibi zetu hao walikuwa wanene na wembamba, weusi na weupe, wake wa watu na walioachika. Aliyestahili kutazamwa alikuwa yule aliyejua kucheza na kuvaa.

Majirani zetu Wamijikenda nao wanalo hando, sketi ya marinda mengi inayoinua na kupanua nyonga. Kama fundi nalivulia kofia: kitambaa kingi kimekusanywa mahali ambapo leo wateja wangu wananiomba nipabane. Ni miongoni mwao alikotoka Mekatilili wa Menza, aliyekuwa mjane aliyekwisha kula chumvi mwaka 1913, alipozunguka vijiji vya Wagiriama akicheza ngoma ya kifudu na kuwaita watu wakatae amri za Waingereza. Umati ulikuja kuutazama mwili wa mwanamke mzee ukicheza, ukabaki kusikiliza. Wakoloni walimkamata wakampeleka mbali hadi Kisii, kwa sababu walimwogopa.

Na hapo jirani yetu pana kituo cha Bombolulu, kilichoanza 1969 chini ya APDK, shirika la kuhudumia wenye ulemavu, ambako watu wenye ulemavu wa viungo hutengeneza mikufu, bangili na hereni zinazouzwa hadi ng'ambo. Kwa zaidi ya nusu karne wanawake waliopooza mguu au mkono wamekuwa wakiipamba dunia kutoka mtaa wa pili. Nawauliza kwa upole: ni wangapi kati yao tumewahi kuwaalika kwenye singo?

Hata leso yatufundisha. Huuzwa Biashara Street doti kwa doti, tangu enzi za duka la Mali ya Abdulla lililofunguliwa 1887, na upana wake ni ule ule kwa kila mnunuzi. Haina saizi. Mnene hujifunga ikamtosha, mwembamba huizungusha zaidi, mzazi hubebea mtoto, mgonjwa hujifunika. Mkononi mwangu kila nguo ina namba isipokuwa hiyo. Ningependa chumba cha singo kiwe kama leso: kinamtosha aliyeingia.

Najua majibu yenu, maana nimewasikia mkiambiana hayo.

Mtasema mteja ndiye anayetaka, na ukikataa ataenda kwa mwingine Mtopanga au Kisimani. Ni kweli, mmoja akikataa peke yake atapoteza riziki. Ndiyo maana sikumwandikia mmoja. Mkikataa nyote, mteja atakwenda wapi?

Mtasema pambo la mwanamke ni la mumewe. Sibishani na mume kumfurahia mkewe. Lakini mwili ni amana iliyokabidhiwa mwenyewe kabla mume hajajulikana, na itabaki mikononi mwake mume akiondoka. Mimi niliolewa kwa hati na mashahidi, bila ngoma wala singo, kisha nikaachika. Mwili huu umeshika cherehani na kulea watoto. Haujapata hata kijiko cha liwa kutoka mkononi mwa mwanamke mwingine, na tuko wengi.

Mtasema kujipenda kutawafanya watu wanenepe na kusahau presha na sukari. Mimi naona kinyume chake. Anayeuonea haya mwili wake ndiye asiyeupeleka kliniki. Saratani ya matiti na ya mlango wa kizazi ndizo zinazowashika wanawake wengi zaidi nchini Kenya, na wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshakwenda mbali. Uvimbe utaujuaje kwenye titi usilotaka kulitazama? Alinijia mama mmoja aliyekwisha kukatwa titi, akaomba nifunge mlango ndipo nimpime. Nilimtilia sponji upande mmoja, kazi ndogo. Aliponyanyua mikono aliniambia kwamba tangu atolewe nyuzi, wa kumgusa walikuwa madaktari na wauguzi peke yao. Huyo hahitaji gauni kwanza. Anawahitaji nyinyi.

Basi haya ndiyo maombi yangu, na si mengi.

Kwanza, mkubaliane nyote kwamba kisicho na lebo hakiingii chumbani. Liwa, karafuu, waridi, marashi, mafuta ya nazi na udi zatosha, kama zilivyowatosha waliotufunza. Bibi harusi akiomba aongezewe weupe, somo amjibu kwamba kazi yake ni kumng'arisha alivyo. Na mama mtu akishikilia, aambiwe wazi habari ya zebaki na mjukuu wake.

Pili, ichukueni adabu ya waosha mkaitumie kwa aliye hai. Michirizi ya uzazi, makovu, kitambi, weusi wa makwapa, titi lililoanguka: mlichokiona chumbani kibaki chumbani, na kisitajwe hata mbele ya mwenyewe kwa mzaha. Mwosha huoshwa, wahenga walisema. Ulimi unaomsimanga mteja leo, kesho utakutana na mwingine unaokusimanga wewe.

Tatu, muongeze somo moja katika yale mnayofunda. Mmekuwa mkifundisha usafi, hedhi na mambo ya ndani ambayo mama mzazi huona haya kuyasema. Hapo hapo mfunzeni binti kuyajua matiti yake, akigundua kilichobadilika aende hospitali asingoje. Waliofikisha miaka 25 waambieni wakapimwe mlango wa kizazi, na mama zao waende pamoja nao. Muuguzi wa zahanati akisema hayo yanasikika kama tangazo. Somo akiyasema, mkono umeshika liwa, yanakuwa mafunzo ya ukubwani.

Nne, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu: mtenge siku moja kila mwezi ya singo isiyo na harusi. Aje mjane aliyemaliza eda. Aje aliyeachika, na asiyewahi kuolewa wala hataki. Aje aliyekoma hedhi na kudhani amekwisha. Aje dada wa Bombolulu na magongo yake, mama wa kanisani aliyezoea kusikia kwamba mwili ni hekalu bila kuona hekalu hilo likipambwa, na yule wa titi moja. Asingwe, afukizwe, apakwe hina, akalishwe kwenye kiti cha kupamba na kupigiwa vigelegele. Akiulizwa sababu ya sherehe, ajibu kwamba yu hai.

Najua mtaa wetu ni wa mkono kwa mdomo, na kujipenda kunakouzwa kwenye spa za Nyali, ng'ambo ya barabara, si kwetu. Ndiyo maana naomba jambo la gharama ndogo. Kila mmoja aje na leso yake na dumu lake la maji. Anayeweza kulipa alipe, na malipo yake yamfungulie mlango asiyeweza. Kwa njia hii hata riziki yenu haitapungua: maharusi ni wachache na wana msimu wao, wanawake tumejaa mwaka mzima.

Siwaombi kitu ambacho mimi sitoi. Nyuma ya duka langu pana chumba kisicho na dirisha la barabarani. Mapazia nimeshayakata, nayashona jioni wateja wakipungua. Liwa ya siku ya kwanza nitainunua mimi. Wa kwanza kusingwa wawe wakandaji, kwa kuwa nyinyi ndio mnaokanda wenzenu mwaka nenda mwaka rudi na hamna wa kuwakanda. Mkishakubaliana siku, mtumeni mtoto aje anieleze, nami nitalifunga duka mchana huo na kubandika mlangoni kwamba fundi ana sherehe.

Wasalaam,

Fundi wenu wa nguo,
Ziwa la Ng'ombe, Mombasa